Muulize Mjomba: Kilichopita uvunguni mwa lori kinakungoja wewe

Toleo lililopita niliomba barua za breki. Zimekuja za mawe, miwa, misumari na magozi ya tairi, yaani kila kitu kinacholala barabarani kikisubiri pikipiki. Basi breki zitangoja. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: niliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma mpaka mgongo ukanikatalia, na sasa nafundisha vijana pikipiki hapa Morogoro. Kwa hiyo barabara hii nimeitazama kutoka juu kwenye kabini, na naitazama kutoka chini kwenye siti ya Boxer. Niwaambie tu, ni barabara mbili tofauti.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni bodaboda wa Mkamba, huku kwenye miwa. Msimu huu nimelala chini na abiria. Nilikuwa nyuma ya trekta lenye matela mawili, muwa ukatokea ghafla mbele yangu, nikashika breki nikiwa nimeshaukanyaga, pikipiki ikaniponyoka. Abiria kachubuka goti, mimi kiwiko. Kijiweni wanasema ni bahati mbaya tu, miwa imejaa njia nzima. Muwa ukikukuta unaupitaje?

Marahaba kijana wangu, na poleni wewe na abiria. Utaniambia kama ulimlipia dawa.

Kabla ya kukufundisha kuupita muwa, turudi nyuma kidogo. Unasema muwa ulitokea ghafla. Muwa hauna miguu. Ulikuwa umelala pale pale, pengine umeangushwa na tela lililopita asubuhi. Kilichotokea ghafla ni wewe kuuona. Trekta lilipita juu yake, matairi ya kushoto upande huu, ya kulia upande ule, muwa ukabaki katikati salama usalimini. Dereva wa trekta hakuwa na sababu ya kuukwepa, hata taa ya breki hukuiona. Ukatoka uvunguni mwa tela la mwisho, ukakabidhiwa wewe.

Fanya hesabu. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 14. Kama ulikuwa mita 10 nyuma ya tela, na najua vijana wa Mkamba mnakaa hata karibu zaidi mkivizia kuovateki, basi tangu muwa uonekane mpaka uukanyage huna hata sekunde moja. Mtu akishtushwa, mkono wake unafika kwenye breki baada ya sekunde moja, moja na nusu. Maana yake breki yako iliwahi kushika pale pale juu ya muwa, mahali pabaya kuliko pote. Hapo bahati haina kazi yoyote, nzuri wala mbaya.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni nafasi. Tazama tela linapopita kwenye alama yoyote, mti, nguzo, kibao, kisha hesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika kwenye alama kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwa mwendo ule wa 50, sekunde tatu ni mita 40 na kitu. Wenzako watakupita na kuingia katikati yako na tela. Waache waingie, rudi nyuma hesabu tena.

Dawa ya pili ni mahali unapokaa. Usikae katikati ya tela, ndipo mabaki yote yanapopita bila kuguswa. Kaa kwenye mstari wa matairi yake ya kulia. Pale kilichokuwepo kimeshasagwa au kusukumwa pembeni, dereva anakuona kwenye kioo chake, na wewe unachungulia mbele bila kuhangaika.

Sasa muwa wenyewe. Ukiuona mapema, breki zote mbili, pikipiki ikiwa imenyooka, punguza mwendo mpaka unapoukaribia. Kisha ACHIA breki kabla tairi halijaugusa. Hili ndilo mikono ya watu wengi inakataa. Tairi linalozunguka huru linapanda muwa na kushuka. Tairi lililobanwa na breki linateleza juu yake, na muwa nao unabingirika, basi mmeanza safari ya pembeni nyote wawili. Zaidi ya hapo, breki ya mbele inaibana shokapu chini, kwa hiyo unaugonga muwa wakati shokapu haina tena nafasi ya kuupokea.

Hendeli iwe imenyooka. Magoti yabane tangi, viwiko vilegee, makalio yanyanyuke kidogo kutoka kwenye siti ili uzito ushuke kwenye miguu. Gesi ishike pale pale, usiifunge ghafla wala usiivute. Ukate muwa kwa msalaba, tairi na muwa vikutane kama alama ya kujumlisha. Ulio hatari kweli ni ule uliolala kufuata njia, kwa sababu tairi la mbele likiupanda halina pa kushukia. Huo ukwepe, na ukikwepa usishike breki: kwepa kwanza, nyooka, ndipo ufunge breki. Na macho yako yaende kwenye nafasi unayotaka kupita. Ukiukodolea macho muwa utaufuata, nimeliona hili kwa kila mwanafunzi, hata kwenye uwanja mtupu wenye tofali moja katikati.

Neno la mwisho kuhusu huko kwenu. Miwa haidondoki ovyo ovyo njia nzima. Inadondoka kwenye matuta, kwenye kona, na pale tela linapopanda kutoka barabara ya shamba kuingia kwenye lami, kwa sababu hapo mzigo unatikisika. Wewe unaijua Mkamba, Ruaha na Kidodi kuliko mimi, matuta yote unayafahamu. Basi ukiona tuta, hesabu kwamba baada yake kuna muwa. Na ule uliokwishasagwa usiudharau. Makapi yake na ile juisi vinateleza, na mvua ikianza kabla msimu haujaisha, trekta linaongezea madongo ya tope kutoka shambani. Abiria mwambie mapema, "shikilia," asije akakushtukia akahamisha uzito wakati umesimama kwenye vikanyagio.

Mjomba, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Ruaha Mbuyuni, mara nyingi napanda Kitonga kwa pikipiki kwenda Ilula na kurudi jioni. Kinachonitisha si malori, ni mawe. Makubwa, mengine kama kichwa, yapo kwenye lami yenyewe. Nani anayaweka? Na gizani nifanyeje?

Nzuri, Mwalimu. Wanaoyaweka ni sisi, yaani wenzangu niliowaacha kazini. Nitakueleza namna yanavyofika pale, maana ukijua utajua pia pa kuyatafuta.

Lori lenye tani zake likipanda Kitonga likachemsha, au kipande cha propela kikakatika, dereva anafunga breki na utingo anaruka chini kutafuta jiwe. Analisukumiza nyuma ya tairi lori lisirudi bondeni. Moja halitoshi, anatafuta la pili, la tatu. Halafu anakata matawi anayapanga nyuma, hatua kwa hatua, kuwaambia wanaokuja kwamba mbele kuna gari bovu. Fundi anakuja, gari linapona, dereva anawasha. Sasa, kwenye mlima ule lori likishaanza kupanda halisimamishwi tena. Utingo anadandia mlango likiwa linatembea. Mawe yanabaki.

Yanabaki wapi? Tazama vizuri, Mwalimu. Lori bovu linasogezwa kushoto kadiri linavyoweza, nusu kwenye lami nusu nje. Kwa hiyo mawe ya matairi ya kulia yanakaa ndani ya lami, karibu na ukingo wa kushoto. Ndipo hasa mnapopita watu wa pikipiki mkijibana pembeni kuyapisha malori! Kujibana huko ni adabu nzuri, ila kwenye Kitonga kunakupeleka moja kwa moja kwenye mawe. Kaa katikati ya njia yako au kulia kidogo. Anayetaka kukupita akupite kwa kuhama njia, wala usimwonee haya.

Ukiona doa jeusi kando ya jiwe, ni oili au dizeli. Gari lililochemsha au kufunguliwa pale lilimwaga kitu. Kwa hiyo jiwe moja ni habari ya vitu viwili, na cha pili hakionekani usiku. Ukilikwepa jiwe, usilikwepee kwenye doa.

Matawi yasome hivi: tawi la kwanza ni la kuachia gesi, si la kutafuta la pili. Hata kama lori limeshaondoka na matawi yamekauka, mawe yake bado yapo mbele hatua kadhaa.

Gizani shida ni taa. Fanya hesabu hii na wanafunzi wako wa fizikia. Kwa kilomita 60 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzima, ukiweka sekunde moja na nusu ya kushtuka, mpaka usimame umekula karibu mita 48. Kwa kilomita 40, karibu mita 27. Taa ya chini ya pikipiki hizi zetu, kioo kikiwa na vumbi la Mbuyuni, mita 48 haikuonyeshi jiwe la kijivu kwenye lami ya kijivu. Kwa 40 una nafasi, kwa 60 unaendesha kwa imani. Na hapo sijaweka lori linalokuja mbele na taa zake zote, wakati ambao huoni kitu kabisa. Likikukaribia, tazama ukingo wa kushoto wa lami, usilitazame lenyewe, na mwendo uwe umeshapungua kabla halijakufikia.

Taa irekebishe ukiwa umekalia pikipiki na mzigo wako wa kawaida. Ukipakia gunia la vitunguu nyuma, pua inanyanyuka na taa inamulika mibuyu. Ungeweza kurudi mchana ningekuambia urudi mchana, lakini najua kengele ya shule haiulizi.

Mzee mwenzangu, naandika nikiwa mizani, foleni haitembei. Nasoma safu yako siku zote unawatetea bodaboda. Hao vijana wananikalia mgongoni, siwaoni kwenye kioo, tairi likipasuka wanasema nimewaua. Sisi tufanye nini? Tairi halipigi hodi kabla ya kupasuka. – Dereva wa semi, njia ya Tunduma

Mzee mwenzangu, pole na foleni. Siwatetei, soma tena jibu la yule wa Mkamba. Anayekukalia mgongoni anastahili maneno yako yote, na haya ninayokuandikia nataka wayasikie na wao.

Lakini kwa hili la tairi kutopiga hodi, hapana. Wewe na mimi tunajua linapiga. Tairi la tela lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linapata joto, na likiwa lile lililovishwa kashata mpya, yaani ngozi ya nje yenye meno, juu ya mwili wa zamani, kashata inaanza kuachia upande mmoja. Hapo linapiga madigadi pata-pata-pata, na dereva aliyefungua redio kubwa hasikii. Kijana wa pikipiki nyuma anasikia. Ndiyo maana nawafundisha: ukisikia lori linapiga kofi, ukiona vumbi jeusi au moshi kwenye tairi moja la tela, rudi nyuma mbali, au kama njia ni nyeupe lipite ukamwonyeshe dereva kwa mkono. Usitembee sambamba na matairi yake hata kidogo. Gozi, yaani hiyo kashata iliyobanduka, likiruka lina uzito na lina nyaya za chuma ndani, likimpata mtu wa pikipiki mguuni au kifuani hakuna jaketi litakalomsaidia.

Na likishalala barabarani bado lina ubaya wake. Mchana linafanana na kivuli, na ukilikanyaga upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka. Tairi la mbele linalirusha, tairi la nyuma au goti lako linalipokea. Kwa hiyo gozi, vijana, linakwepwa. Halikanyagwi kama muwa, isipokuwa pale ambapo kulikwepa ni kujipeleka kwenye basi.

Yako wewe ni matatu tu, na yote ni kazi ya dakika chache ukisimama. Utingo agonge matairi yote ya tela kwa rungu kila kituo, sauti ya tairi lililopungua upepo anaijua. Achungulie kati ya matairi pacha ya nyuma. Ukitoka kwenye kifusi au barabara ya vumbi, jiwe linabanwa pale katikati, unatembea nalo hadi mwendo unapochanganya, linatoka na nguvu zote kurudi nyuma kwenye uso wa mtu. Tulikuwa tunayang'oa kwa mtalimbo. La tatu ni yale mawe ya Kitonga. Najua huwezi kusimama tena mlimani, nami sikusimama. Ila kama umeharibikia tambarare, pale Doma au Mikese, huna kisingizio: utingo ayatupe mawe nje na matawi pia, ndipo apande. Pembetatu mbili kwenye gari zingemaliza habari ya matawi, lakini hizo nazo, ukigeuka tu zimeshachukuliwa.

Shikamoo. Mimi ni mama ntilie hapa Korogwe. Mwanangu ni bodaboda, helmeti anayo ila kioo amekipandisha juu siku zote, anasema joto na hakionyeshi vizuri usiku. Juzi karudi jicho jekundu, kokoto imemrukia nyuma ya Fuso la kokoto. Jirani akashauri atiwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Nikakataa, lakini sina hakika kama nilikosea.

Marahaba dada yangu. Hukukosea hata kidogo. Jichoni hayatiwi maziwa, wala sukari, wala maji ya majani ya mti wowote. Kama ni vumbi au mchanga, asisugue. Aoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka taratibu, akipepesa. Kama kuna kitu kimechoma na kubaki, asikitoe. Funika bila kukandamiza, hata kwa kitako cha kikombe cha karatasi, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Jicho lake lile jekundu nalo, kama bado linauma, linatoa machozi au mwanga unamkera, mpeleke leo. Usingoje wali uive.

Sasa tumrudie yeye. Joto la Korogwe nalijua, simlaumu kwa kulichukia. Ila kokoto ikiwa hewani hata bila nguvu yake yenyewe, yeye ndiye anayeifuata kwa kilomita 60 kwa saa. Mende tu kwa mwendo huo anakufanya ufumbe macho, na aliyefumba macho sekunde moja ameenda mita 17 kipofu. Afungue kioo anaposimama kwenye foleni, akiwa nyuma ya gari lolote lililobeba kifusi kiwe kimefungwa.

Hilo la kutoona usiku ana haki, na nadhani najua sababu. Kioo kimechakaa. Wanakifuta kwa kona ya shati lenye vumbi, kila kufuta ni mikwaruzo mipya, na usiku taa ya gari ikipiga kwenye mikwaruzo hiyo uso wote unakuwa ukungu mweupe. Wengine wanakifuta kwa petroli eti king'ae! Kioo kile ni plastiki, petroli na mafuta ya taa vinakipasua vipasuko vidogo vidogo. Maji na sabuni kidogo, kitambaa laini kilicholowa, na vumbi liondoke kwa maji kwanza kabla ya kusugua. Kikishakwaruzika hakirudi. Wengi wanaouza helmeti wanauza na vioo peke yake, anunue kingine, cheupe. Vile vyeusi vinapendeza mchana, saa moja jioni vinamfanya akifungue tena na tumerudi palepale.

Na helmeti yenyewe dada, ishike mkononi uitazame. Kama mkanda umefungwa kwa kamba ya viatu, au ndani sponji imetoka, hiyo ni kofia ya kumridhisha trafiki tu. Nzuri inabana mashavu, haizunguki ukiisukuma, na nyingi zilizopimwa kweli zina herufi E ndani ya duara kwenye lebo ya mkanda, pamoja na namba ya nchi iliyoiidhinisha. Ya kufunika kidevu ni bora kwake kwa kazi ile, maana jiwe halichagui kupiga kipaji.

Umeuliza moja, nakujibu na la pili kwa sababu wewe ni mama. Mwambie arudishe kile kizuizi cha pembeni ya tairi la nyuma walichokifungua ili kereya ikae. Kanga ya abiria ikinaswa kwenye spoku au cheni, barabara inaweza kuwa safi kama sebule na mtu akaanguka vilevile. Nawe ukipanda, pindo la dera ulikalie.

Mjomba, huku Mbagala kila asubuhi misumari. Mimi nasema ni mafundi pancha wanamwaga. Kweli au si kweli?

Sina ushahidi na wewe hunao, kwa hiyo tusimchomee mtu banda. Nikuambie ninachokiona: misumari inadondoka kwenye magari ya mbao chakavu na mabati ya nyumba zilizobomolewa, na upepo wa magari unaisukuma pembeni ya lami, pale unapopita wewe ukiikwepa foleni. Nayo mara nyingi haichomi tairi la mbele. Tairi la mbele linausimamisha, la nyuma linaingia. Ndiyo maana pancha zako ni za nyuma, niambie kama naongopa.

Cha kukusaidia ni kashata. Tairi kipara linapokea msumari ambao tairi nene lingeurudisha. Upepo uwe sawasawa, pikipiki nyingi za aina ya Boxer ni PSI 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukibeba abiria. Kama rimu zako zinakubali tairi lisilo na tyubu, weka: msumari ukibaki ndani upepo unatoka polepole. Tyubu ikitobolewa inaweza kukuishia ghafla ukiwa katikati ya kona. Ukihisi mkia unacheza, usikanyage breki ya nyuma. Funga gesi taratibu, hendeli shika imara, acha pikipiki ipungue yenyewe ukiwa umenyooka, breki ya mbele kidogo kidogo mwishoni. Abiria ateremke, usiisukume pancha umempakia. Tairi litakula tyubu na rimu vyote.

Mimi nipo Dumila, nimeanza kuendesha mwaka huu. Nikiona jiwe au gozi barabarani, nisimame niliondoe au nijiendee zangu? Rafiki yangu anasema wanaoondoa mawe ndio wanaogongwa.

Rafiki yako kasema kweli nusu. Wanaogongwa ni wale wanaoegesha pikipiki juu ya lami kando ya jiwe, wanainama wakiipa mgongo barabara. Na usiku kuna maeneo ambayo mawe yamepangwa makusudi ili mtu asimame. Kwa hiyo usiku, mahali pasipo na nyumba, pita, ukifika kwenye taa na watu ndipo utoe taarifa.

Mchana, mahali panapoonekana mbali pande zote mbili, simama. Lakini lipite kwanza, nenda mbele kidogo, egesha nje kabisa ya lami, washa indiketa, helmeti ibaki kichwani. Rudi kwa miguu ukitembea pembezoni ukiyatazama magari yanayokuja. Subiri njia iwe tupu kabisa, si tupu ya kukimbia. Jiwe libingirishe kwa mguu hadi nje, halafu lisogeze mbali na ukingo, zaidi ya pale pikipiki na baiskeli zinapopita, na siyo mtaroni, maana mvua italipeleka likazibe kalavati na maji yatapanda barabarani. Gozi lishike upande wa mpira, kamwe si pale penye nyaya zilizochomoza. Nyaya zile zinachana kiganja, na jeraha lake ni la kwenda kuchomwa sindano ya pepopunda.

Kikiwa kitu usichoweza kukisogeza peke yako, gogo, propela, gunia la saruji lililopasuka, usipigane nacho. Kaa mbali kabla ya kitu hicho, upande magari yanakotokea, pepea nguo yenye rangi kali, na piga 112 uwaambie polisi ni karibu na kijiji gani na upande upi wa barabara, wa kwenda Dodoma au wa kuja Morogoro. Watu wengi wanasahau kusema upande.